Waya wa Silinda ya Nyuma

Tuliwaacha katikati ya kilima, msomaji, hawapandi wala hawashuki.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimpita, mambo yako hivi. Magdalena ameshikwa na uchungu tangu jana usiku, na mtoto hatoki. Mumewe Eliamini, fundi wa mtaa wa Sakina kule mjini, amempakia kwenye kigari cha ubavuni cha pikipiki yake kuukuu ili amkimbize hospitali ya Arusha. Nyuma ya Eliamini amekaa Sadoki, kaka yake Magdalena. Mama yao, Bibi Tabea, ndiye aliyemsukuma Sadoki juu ya kile kiti, akamwambia, "Nenda ukamshike dada yako." Wamevuka mto Nduruma, wameanza kupandisha, pikipiki ikakohoa, ikatetemeka, ikafa.

Na liko jambo ambalo wewe unalijua na Eliamini halijui. Jana jioni Sadoki aliukata waya wa pikipiki ile kwa kisu chake mwenyewe.

"Ruka, shemeji!" Eliamini alipiga kelele. "Jiwe! Weka jiwe nyuma ya gurudumu!"

Pikipiki ilikuwa imeanza kurudi nyuma. Sadoki aliruka, akaanguka kwenye tope, akainuka na jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, akalisukuma chini ya gurudumu. Pikipiki ikasimama. Chini yao mto ulikuwa umejaa, maji mekundu ya masika yanavuta matawi na majani ya migomba.

Ndani ya kigari Magdalena alitoa sauti ambayo Sadoki hakuwahi kuisikia kwa dada yake. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu anayeng'oa kitu kilichoota mizizi.

"Tumefika?" aliuliza ilipopita.

"Karibu," Eliamini alisema. "Pikipiki inapumzika kidogo."

Alimdanganya. Akapiga kiki. Injini ikashika, lakini kwa mlio wa kiwete: pu, kimya, pu, kimya. Akatia moto zaidi. Ikafa.

"Inamisi," alisema. "Silinda moja hailipuki."

Sadoki aligeukia mto. Aliijua silinda yenyewe. Aliujua waya. Aliujua hata mahali pale kidole kingegusa. Angetamka neno moja tu, kazi ingekwisha mara hiyo.

Hakulitamka.

Usimhukumu upesi. Asubuhi ile injini ilipowaka nyumbani kwa kiki ya kwanza, ikanguruma vizuri, Sadoki alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Alidhani kisu chake hakikufanya kitu. Alidhani amesamehewa bila kuomba. Na sasa dada yake yumo ndani ya kigari, na shemeji yake ni mwanamume aliyepigana vita ya Burma.

Eliamini alichota maji kwenye mtaro kwa viganja, akayamwagia bomba la moshi la silinda ya mbele. Chwaa! Mvuke ulipanda. Akachota tena, akamwagia la nyuma. Maji yakateremka taratibu kama juu ya jiwe la mtoni.

"Ya mbele inaungua, ya nyuma haina joto," alisema. "Tumekuja na silinda moja pengine tangu kule Makumira. Tambarare ndiyo iliyotuficha. Kilima kimetuumbua."

Alitoa spana kwenye mfuko wa kiti, akaanza kufungua plagi ya nyuma. Mikono yake ilikwenda haraka, lakini maneno yalimtoka polepole, kwa sauti ya chini, mkewe asisikie.

"Wiki nzima, shemeji. Wiki nzima nimeomba nimlete mjini. Wewe na mama mkakataa."

"Mama alitaka mjukuu wake wa kwanza azaliwe nyumbani," Sadoki alijibu. "Kuna ubaya gani?"

"Nesi wa misheni alimpima. Mtoto amelala kimshazari."

Sadoki aliduwaa. "Hukutuambia."

"Aliniambia mimi faraghani. Sikutaka Magdalena aogope. Nikasema leo asubuhi nitamchukua, apende asipende, nimlaze Sakina karibu na daktari." Plagi ikatoka. "Mimba nayo ikasema haingoji asubuhi."

Basi hilo ndilo Sadoki alilokuwa ameliharibu. Alidhani anazuia kiburi cha fundi wa mjini anayetaka kumtenga binti na mamaye. Alikuwa amezuia daktari.

Sema sasa, alijiambia. Sema.

"Tazama," Eliamini alisema, akamwonyesha plagi. Ilikuwa nyeusi, imelowa. Akainusa. "Petroli inafika, lakini haiungui. Kinachokosekana ni cheche."

"Labda..." Sadoki alianza.

"Labda plagi imekufa. Ngoja."

Akaifungua na ya mbele, akazibadilisha: ya mbele akaitia nyuma, ya nyuma akaifuta kwa shati, akaitia mbele. Akapiga kiki.

Injini ikanguruma! Zote mbili! Mlio mzito, ulioshikana, ulioitikiwa na ng'ambo ya mto. Magdalena aliinua kichwa akatabasamu. Sadoki alifumba macho. Bwana, kumbe ilikuwa plagi. Kumbe si mimi.

"Panda!"

Alipanda. Pikipiki ikalivuka jiwe, ikapanda, ikashika kasi. Mashina ya kahawa ya shamba la mlowezi yakaanza kurudi nyuma yao. Gurudumu likaingia kwenye shimo, likatoka.

Pu. Kimya. Pu. Kimya.

Ikafa tena.

"Si plagi," Eliamini alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa na ufa. "Plagi nzima nimeiweka nyuma na nyuma bado imekufa."

Sadoki alikwisha tafuta jiwe jingine. Alipoinama kuliweka alisikia gari. Linatoka upande wa Usa, nyuma yao, zuri, jeusi, linapandisha bila taabu. Alikimbia katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili.

"Bwana! Bwana, mgonjwa! Mama anajifungua!"

Gari halikupunguza mwendo. Lilipiga honi, likamkwepa, likamrushia tope kuanzia miguuni hadi kifuani. Aliona uso wa mwanamke wa Kizungu nyuma ya kioo, umegeuka, unatazama, halafu haupo. Tangu Wameru wahamishwe kwa nguvu Engare Nanyuki na ardhi yao wapewe walowezi, wenye mashamba walikuwa wakiogopa kusimama wanapopungiwa mkono na Mmeru barabarani. Yawezekana walimwona mtu wa kuwavamia.

"Waache," Eliamini alisema. "Njoo huku."

Uchungu ulimrudia Magdalena. Alishika ukingo wa kigari mpaka bati likalia. Sadoki alichuchumaa kando yake akamfuta uso kwa pindo la shati. Mdomo wake ulikuwa umekauka, na khanga aliyofungwa chini ilikuwa na damu ambayo asubuhi haikuwapo.

"Kaka," alisema, "nimechoka."

"Usichoke. Usichoke sasa."

Upande wa pili Eliamini alikuwa ameichomoa plagi tena, ameilaza juu ya chuma cha injini na waya wake kichwani. Aliinama karibu nayo, akakandamiza kiki kwa mkono, jicho halibanduki. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka mlima Meru, na miti ya kando ya barabara ilikuwa imeufanya mchana kuwa kama magharibi.

"Sioni cheche," alisema. Akakandamiza tena. "Sioni kitu."

Lakini Sadoki aliona. Kutoka pale alipochuchumaa, chini ya tanki, mahali palepale, cheche ndogo ya buluu iliruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma. Ta! Eliamini akakandamiza. Ta! Ilikuwa kama jicho linalomkonyeza.

Magdalena akalia.

Na hapo mdomo wa Sadoki ukafunguka wenyewe.

"Chini ya tanki, shemeji. Cheche iko chini ya tanki. Nimeiona."

Eliamini alimtazama, akatia mkono chini ya tanki, akaufuata waya kwa kidole kama kipofu anavyofuata ukuta. Kidole kikasimama. Akauvuta waya nje kidogo. Mpira wake mweusi ulikuwa umepasuliwa, shaba inang'aa ndani.

"Ndiyo hii," alinong'ona. "Umeme unavujia hapa kwenye chuma. Pikipiki ikitikisika, shaba inagusa, silinda inakufa. Ikiachia, inafufuka." Akageuza waya kwenye mwanga. "Lakini tazama, shemeji. Mpira ukisagika kwa kutikisika, huwa na nyuzinyuzi. Panya akitafuna, huacha alama za meno. Huu umekatwa. Mtu ametia kisu."

Sadoki alivuta shati kufunika kisu kiunoni.

"Simel," Eliamini alisema.

Simel, msomaji wa siku nyingi unamkumbuka, ndiye kijana aliyemposa Magdalena kabla ya Eliamini, akakataliwa, akaapa mbele ya watu kwamba ndoa ile haitazaa.

"Ni Simel. Jumapili alipita kwenu. Wallahi nikishamfikisha mke wangu, nitarudi nimtafute. Nikinyongwa, ninyongwe."

Lo! Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi. Sadoki alitakiwa tu kunyamaza, kama alivyokuwa amenyamaza tangu jana jioni, na dhambi yake ingebebwa na mtu mwingine ambaye hakuna aliyempenda. Alijisikia akitikisa kichwa, na hata yeye mwenyewe hakujua kama anakubali au anakataa.

"Nipe kisu chako," Eliamini alisema. "Nikate mpira wa kufungia."

Alikuwa amekwisha toa kipande cha tyubu kuukuu mfukoni, kile cha kuzibia pancha. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa, kiganja juu, unangoja.

"Kisu, shemeji. Haraka!"

Sadoki alichomoa kisu kiunoni, akampa.

Eliamini aliweka makali ya kisu kwenye tyubu, akasita. Akakiinua kisu karibu na macho. Kwenye makali, pale karibu na mpini, palikuwa na uchafu mweusi ulioganda. Akaukwangua kwa ukucha. Akaubonyeza kati ya vidole. Ulikuwa mpira.

Akamtazama Sadoki.

Laiti angesema. Laiti angepiga. Alimtazama tu, kisha akainama akakata tyubu vipande vyembamba, na kisu kile kile kilichoua silinda kikawa kinaiponya.

"Ni mimi," Sadoki alisema. "Simel hana habari. Ni mimi, jana jioni, ulipokuwa ndani unakula. Nilitaka isiwake tu. Nilitaka abaki kwa mama. Sikujua mtoto amelala vibaya, Eliamini. Mungu ananiona, sikujua."

"Shika hapa."

"Eliamini..."

"Nimesema shika waya hapa, nifunge."

Alishika. Eliamini akazungusha mpira, akakaza kwa uzi. Akarudisha plagi, akapiga kiki. Silinda zote zikashika. Akaitikisa pikipiki kwa nguvu kama anayemtikisa mlevi: ya nyuma ikafa. Akatazama chini ya tanki. Tyubu ilikuwa nyembamba na imelowa, na waya ni mfupi, haupindiki mbali na chuma. Cheche ilikuwa inapita juu ya mpira kana kwamba hakuna kitu.

"Haifai," alisema. "Mpaka mtu aushike waya kwa mkono, auweke mbali na chuma, mpaka hospitali."

"Nitaushika."

"Utakuuma. Kila injini ikizunguka, utakuuma."

"Uniume."

Eliamini hakubishana. Alivua shati lake, akamfunika mkewe, kwa maana matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka. Wakapanda. Sadoki akapitisha mkono chini ya paja la shemeji yake, akaukamata waya juu ya ule mpira, akauvuta kando.

Injini ikanguruma. Umeme ukamwingia kidoleni, ukapanda hadi kiwiko kama nyundo. Alipiga yowe.

"Usiachie!"

Hakuachia. Kilima kile kilichowashinda kikapandika. Mvua ikashuka, na kila mpira ulivyozidi kulowa, ndivyo umeme ulivyozidi kuuma. Mkono ulitaka kufunguka wenyewe, kama mkono wa mtu aliyeshika kaa la moto. Akaushika kwa mkono wa pili. Meno yalimgongana. Machozi yalimtoka, yakachanganyika na mvua. Mbele ya macho yake hakuona barabara, aliona mgongo wa Eliamini ulio wazi, na kovu refu begani, na maji yakiteremka juu yake.

Mara moja tu aliachia, kwenye shimo. Silinda ikafa, pikipiki ikayumba, na Magdalena akarushwa ubavuni akapiga kelele. Sadoki akaukamata tena waya, akajiuma mdomo mpaka damu ikatoka. Hakuachia tena.

Wakavuka mto Themi. Wakaingia mjini, watu wanakimbia mvua, baiskeli zinawapisha. Lango la hospitali lilikuwa wazi.

Eliamini alizima injini kabla gurudumu halijasimama. "Msaada!" alipiga kelele. "Machela!"

Wahudumu walikuja na machela, wakamwinua Magdalena. Mlangoni mmoja wao aliteleza, wakasimama ili washike vizuri, na Eliamini alikuwa ametangulia ndani kumwita daktari. Kwa kitambo hicho kifupi Sadoki alijikuta ana kwa ana na dada yake. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, havikunjuki, vina malengelenge meupe. Hakuweza hata kumshika mkono.

"Kaka," Magdalena alisema. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Nipo. Magdalena, nina neno la kukuambia..."

"Nilikuona."

"Nini?"

"Jana jioni. Nilitoka kumwaga maji. Nilikuona umeinama na kisu."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Sadoki alidhani hakusikia vizuri.

"Ulijua? Asubuhi ulipanda huku unajua? Mbona hukusema?"

"Jana nilinyamaza kwa sababu na mimi sikutaka kwenda Sakina. Nilitaka kuzaa kwa mama." Alikata pumzi, akaitafuta, akaipata. "Leo injini iliwaka. Nikadhani hukufanikiwa. Nikaona aibu kusema."

"Usiseme tena. Pumzika."

"Eliamini asijue, kaka. Asijue kwamba nilijua. Nikifa, asinikumbuke hivyo. Niapie."

"Hutakufa."

"Niapie!"

"Naapa," Sadoki alisema.

Wakampitisha ukumbini, wakamwingiza chumba cha upasuaji. Milango miwili ya mbao ikajifunga nyuma yake, ikacheza kidogo, ikatulia.

Eliamini alikuwa kwenye ukumbi. Daktari alikwisha ingia. Hakukuwa na kazi tena kwa mikono ya fundi, na mikono ile sasa ilikuwa imening'inia. Alimgeukia Sadoki.

"Amekuambia nini pale mlangoni? Niliona midomo yenu."

Hapa, msomaji, mtu mwingine angejiokoa. Angesema: mkeo alijua. Mzigo ungegawanyika, na pengine hasira ya Eliamini ingepata mahali pengine pa kwenda.

"Ameuliza kama mama amekula," Sadoki alisema.

Uso wa Eliamini ulikunjamana kama wa mtoto.

"Kama mama amekula," alirudia. "Yuko hali ile, na bado anawawaza ninyi. Ninyi! Yeye hana kosa hata moja duniani, na mmemfanya hivi."

"Hana kosa," Sadoki alisema.

"Njiani nilikuhitaji. Nilihitaji mkono wa kushika waya, basi. Sasa sikuhitaji. Ondoka mbele yangu."

"Sitaondoka mpaka nijue."

"Ondoka, Sadoki. Nisije nikatenda dhambi kwenye mlango wa mke wangu."

Sadoki hakuondoka. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono yake iliyoungua imelala mapajani kama si yake. Eliamini alitembea akaenda, akarudi. Nyuma ya mlango vyuma viligongana kwenye sinia. Mtu alisema jambo kwa Kiingereza, upesi upesi. Kisha kimya, na katika kimya kile wote wawili waliinua vichwa, wakingoja sauti ndogo ya mtoto.

Sauti haikuja.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa muuguzi, mama wa makamo, aproni yake nyekundu tangu kifuani hadi magotini.

"Wa Magdalena! Ndugu wa Magdalena!"

"Mimi mumewe," Eliamini alisema.

"Simtaki mume. Anapoteza damu, tunahitaji ya kumwongezea. Daktari anataka kujaribu ya ndugu wa tumbo moja kwanza. Yupo hapa?"

Sadoki alikwisha simama. Alipiga hatua kuelekea mlangoni, mikono mbele, mishipa juu. Lakini Eliamini alikuwa mwepesi kuliko yeye. Alijitia kati, mgongo kwa muuguzi, uso kwa Sadoki, na macho yake hayakuwa tena macho ya mtu anayefikiri.

"Hayupo," alisema. "Mke wangu hana ndugu hapa."

"Eliamini!" Sadoki alisema. "Usifanye hivyo. Atakufa!"

Muuguzi alinyoosha shingo juu ya bega la Eliamini. Akamtazama Sadoki: paji lile lile, pua ile ile, macho yale yale ya Magdalena, aliyokuwa ameyaacha ndani kwenye meza ya upasuaji yakifumbika.

"Na huyu je?" aliuliza. "Huyu ni nani?"

Sadoki alifungua mdomo kujibu, na mikono miwili ya Eliamini ikamkaba koo.